Mwanangu Anagombea, na Kibaraza Changu Kimo Hatarini

Jumatatu, 4 Agosti

Mwanangu anagombea udiwani! Kitinda mimba wangu! Jina limebandikwa ukutani ofisi ya kata, muhuri umegongwa, alama yake ni ngazi. Sijala tangu asubuhi. Sijakaa pia. Cherehani imesimama, na sindano imebaki imechoma mkono wa gauni la mtu.

Habari nimeipata kwa fundi viatu, jirani yangu wa kibarazani. Si kwa mwanangu mwenyewe! Mtoto nimembeba tumboni, nimembeba mgongoni, halafu anakwenda kugombea kimyakimya kama anayekwenda kununua chumvi. Nimemsamehe hapo hapo. Nikafunika kazi, nikazunguka mtaa mzima. Nimewaambia duka la dawa. Nimemwambia kinyozi na aliyekuwa ananyolewa. Nimemwambia hata mgeni mmoja aliyekuwa ananiuliza njia ya kwenda posta. Sikumwonyesha posta, nimesahau.

Wifi nikamwacha wa mwisho, makusudi, kitamu huliwa mwisho. Ni dada wa mume wangu, anauza ndoo na mabeseni kibaraza hiki hiki, upande wa jua. Kila tukikutana ananikumbusha kuwa mwanawe ni meneja. Meneja wa nini, hajawahi kusema. Nikamwambia basi na mimi nitaitwa mama diwani. Akasema hongera, wifi, akaendelea kupanga mabeseni. Lakini aliyapanga makubwa ndani ya madogo. Imemchoma!

Jioni. Mwanangu amekuja na karatasi zake za kampeni. Nikamkumbatia, nikasoma. Kwanza, mtaro wa maji ya mvua. Vizuri. Pili, njia ya waendao kwa miguu. Vizuri sana, nani asiye na miguu? Tatu, ili hayo yawezekane, biashara zote ziondolewe vibarazani mwa barabara kuu, na wenyewe wahamie banda jipya nyuma ya ghala la zamani.

Nikavaa miwani. Nikasoma tena.

Cherehani yangu iko kwenye kibaraza kile tangu mgombea huyu ananyonya!

Jumanne, 5 Agosti

Nimeongea naye kwa upole. Nimeongea naye kwa ukali. Nimelia kidogo. Hakuna.

Nilimwambia fundi asiyeonekana ni fundi aliyekufa. Mteja wangu si mtu aliyetoka kwake kuja kushona, ni mtu anayepita, anaona gauni limening'inia, anakumbuka ana harusi. Nyuma ya ghala anapita nani? Paka! Mwanangu kafanya kazi idara ya maji, mabomba anayajua kama mimi ninavyojua pindo. Akasema mtaro hauchimbiki vibaraza vikiwa vimejaa, kila mvua ikinyesha maji yanaingia zahanati, na watoto wa shule wanatembea katikati ya magari kwa sababu njia yao imekaliwa. Nikamuuliza imekaliwa na nani. Akasema na wewe, mama. Hivi hivi! Kwenye meza yangu, kijiko changu mdomoni!

Nikamshauri basi, hilo la vibaraza alinyamazie mpaka ashinde. Siasa si kudanganya, ni kunyamaza kwa wakati wake. Akasema anayempa mtu kura lazima ajue anapigia nini. Baba watoto akacheka nyuma ya gazeti lake, akasema mama, huyo umemlea mwenyewe. Kweli nimemlea mwenyewe. Nilikuwa namchapa akisema uongo. Nilizidisha.

Mchana nikafanya uchunguzi wangu. Mimi nina njia yangu. Mteja ukishamzungushia futi kiunoni hana pa kukimbilia, ukibana kidogo anasema ukweli. Wote niliowapima leo wanamsifu mwanangu. Ana msimamo, hana tamaa, ana heshima. Nikibana kidogo, ah, kura watampa Bwana Meno.

Bwana Meno ni mgombea wa mwavuli. Kwenye picha zake anacheka mpaka magego yanaonekana. Anagawa mashati ya njano yenye miavuli. Mashati hayo, na haya nayaandika hapa tu, nayashona mimi. Kazi ni kazi! Mtu mwenyewe simpendi. Uchaguzi uliopita alilipa vijana wabandue picha za wenzake, kila mtu anajua. Lakini sera yake! Anasema vibarazani haguswi mtu. Sera tamu jamani. Laiti ningeweza kuikata kwake nikamshonea mwanangu!

Ijumaa, 8 Agosti

Siku tatu sikutulia mahali. Nimeshona mfuko wa shati mgongoni, nikafumua. Halafu leo asubuhi wazo likaja lenyewe, kama mgeni mwenye zawadi.

Mabaki! Kila fundi anajua mabaki ya kitambaa ni ya fundi. Ni desturi ya kazi, hata wateja wanajua, ndiyo maana wengine hukaa wakikuangalia ukikata. Mimi nakata kwa kubana, mabaki yangu huwa makubwa. Mabaki ya mashati ya Bwana Meno yamekuwa rundo la kufika gotini. Upande mmoja miavuli, upande wa pili njano tupu, safi. Nikageuza. Nikatia ngazi kwa uzi mwekundu. Vilemba!

Nimegawa bure mtaa mzima. Akina mama wamenishangilia. Mmoja kasema hajawahi kupewa kitu na mgombea kinachomkaa vizuri hivi. Nikamwambia huyo ndiye mwanangu, anawajali mpaka vichwa. Mwanangu mwenyewe hajui lolote, yuko mtaa wa juu anahutubia watu juu ya mitaro.

Wifi kaomba kimoja. Nikamwambia vimekwisha. Havikuwa vimekwisha.

Kesho mkutano mkubwa uwanja wa shule. Kutakuwa na ngazi kila kichwa! Sijui nitangoja vipi kesho.

Jumamosi, 9 Agosti

Upepo.

Sina nguvu ya kuandika, lakini nikiacha nitazunguka chumba tena na baba watoto kasema nimemtia kizunguzungu.

Uwanja ulijaa. Mwanangu alisimama juu ya meza, sauti yake kama kengele, mimi nimekaa mstari wa mbele na kilemba kikubwa kuliko vyote. Alipofika kwenye mtaro, upepo ukaja. Kilemba kimoja kikafunguka, kikapeperuka, mwavuli. Cha pili. Cha tatu. Kufumba na kufumbua, mkutano wote wa ngazi unapepea miavuli! Watu wa Bwana Meno waliokuwa uzioni wakapiga vigelegele. Wifi alicheka mpaka akakalia beseni lake mwenyewe likapasuka. Fundi viatu akanipa pole, akasema ndiyo maana wakasema kikulacho ki nguoni mwako. Nikamwambia ashone viatu.

Bwana Meno mwenyewe akatokea, akapaza sauti kuwa mgombea wa ngazi ni mwizi wa vitambaa. Mwanangu akashuka mezani, akaokota kilemba kimoja, akakigeuza, akatazama mshono. Mshono wangu anaujua, amevaa nguo za mkono wangu tangu nepi. Hakunitazama. Akapanda tena. Akasema kitambaa ni cha mpinzani wake, kimeshonwa na mama yake mzazi, yeye hakujua, lakini kimetolewa kwa jina lake kwa hiyo kosa ni lake. Akaomba radhi. Akasema vyote vitakusanywa, na Jumatatu atakwenda mwenyewe kwa msimamizi wa uchaguzi kumweleza.

Kwa sauti ile ile ya mitaro! Mtu mwingine angesema vimetegwa na wapinzani. Hata mimi nilikuwa nimeshaandaa hivyo, nilikuwa nainuka kusema!

Msimamizi anaweza kulifuta jina lake. Jina la mwanangu, kwa sababu ya uzi wangu.

Jumatatu, 11 Agosti

Hawakulifuta. Onyo. Likitokea la pili, anatoka. Amenieleza akiwa amesimama mlangoni, hakukaa, chai hakunywa. Akasema mama, tafadhali, usinisaidie tena. Afadhali angenipigia kelele.

Nimekusanya vilemba mlango kwa mlango. Aibu gani hii! Kutoa ni raha, kudai kurudishiwa ni kama kuomba. Mmoja kashakifanya nepi. Mwingine anashikia sufuria, kimeshaungua pembeni. Bibi mmoja kagoma kabisa, kasema kitu kikishatolewa hakirudi, mimi nimelelewa wapi? Nikamwambia mwanangu kasema. Bibi akashika fundo la kilemba, akasema huyo mtoto anakubomoa wewe mama yake mbele ya watu, halafu anataka kura? Akakivua. Akasema basi kama hawezi kumfichia mama yake, hatawafichia wezi.

Nimetembea na neno hilo mchana kutwa. Limenifurahisha. Limeniudhi pia.

Jumanne, 12 Agosti

Nimepeleka mabaki yote kwa Bwana Meno, mwanangu kaagiza. Nilitarajia matusi. Kanipa kiti! Kanipa soda! Kasema mama, mambo ya siasa tusiyatie moyoni, fundi kama wewe hakuna. Halafu akainama karibu akasema akishinda, kibaraza kile kitakuwa changu, changu peke yangu, kwa maandishi, mpaka wajukuu. Kasema ananionea huruma, mtoto niliyemsomesha kwa cherehani anataka kuing'oa cherehani.

Nimerudi njia nzima naongea peke yangu. Hebu tuseme kweli. Huyu ni mjanja, lakini ananiacha nilipo. Yule ni msafi, lakini ananipeleka kwa paka. Ubaya wa mtu mkweli ndio huo! Akisema atakuondoa, atakuondoa.

Chakula cha jioni kimeungua. Baba watoto kakila hivyo hivyo. Ananijua.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeamka na huruma. Nilimwonea huruma Wifi, maskini, kibaraza kikiwa changu atakwenda wapi na ndoo zake? Nikamsalimia vizuri, nikamwuliza hali ya miguu. Naye, ajabu, alikuwa mpole kama maji ya mtungini. Akaniambia wifi, sisi ni ndugu, lolote likitokea usihangaike, nitakutafutia pa kuweka cherehani hata kama ni uani kwangu. Nikamwambia wewe ndiye usihangaike, ndoo zako nitakuwekea mbili tatu karibu na mguu wangu. Akasema ah, wewe wacha, mimi ndiye nitakayekuhifadhi. Nikasema hapana, mimi. Tukawa tunahurumiana kwa sauti ya juu, mpaka wapita njia wakasimama.

Fundi viatu akatoa misumari mdomoni. Akasema anatuonea huruma sote wawili, hakutaka kusema, lakini kibaraza kapewa yeye.

Tukatazamana.

Kwa maandishi? Kwa maandishi. Mpaka wajukuu? Mpaka wajukuu! Bwana Meno alimwinamia kila mmoja wetu, akampa soda kila mmoja. Wifi hata alimpa mabeseni ya bure kwa shukrani. Mwenye nyumba yenye kibaraza chetu naye kapita baadaye, tukamtega kwa maneno, kumbe yeye kaahidiwa kibaraza kizibwe kwa ukuta kiwe duka lake!

Wifi akasema yote mamoja, bado atampigia Bwana Meno, maana hata mwongo hutimiza ahadi mojamoja, na pengine hiyo moja ni yake. Sera niliyoipenda haipo. Haikuwepo! Imeshonwa kwa uzi wa mate. Na isiyonipendeza ipo, imesimama kama nguzo.

Ila nimepata wazo. Mwanangu ana ukweli, anachokosa ni sera. Sera inafumuliwa! Ijumaa kuna mdahalo ukumbi wa kata.

Jumatano hiyo hiyo, baadaye kidogo

Sitakuwa nimemsaidia. Nitakuwa nimeuliza swali tu. Tena si mimi, fundi viatu.

Ijumaa, 15 Agosti

Mpango ulikuwa mzuri. Naandika hivyo kwanza.

Fundi viatu ainuke aulize kama mgombea wa ngazi atamhamisha na mama yake mzazi. Mbele ya watu wote! Mtoto gani atasema ndiyo? Atababaika, atasema vibaraza vitaangaliwa upya, basi, sera imefumuka, mwanangu anabaki na ukweli wake na mimi na kibaraza changu. Nikavaa gauni la bluu. Nikakaa mahali atakaponiona nikitia huruma.

Kauliza. Ukumbi ukacheka. Bwana Meno akajibu kwanza bila kuulizwa, kasema yeye kwa mama hagusi, mama ni mama, na hapo akanikonyeza. Wifi akakohoa. Fundi viatu akakohoa. Mwenye nyumba akakohoa.

Mwanangu akangoja wanyamaze. Akasema atamhamisha. Akasema mama yake ndiye wa kwanza, ili asije akatokea mtu kusema kaachwa kwa undugu. Akasema mama yake ana hasira, na ana haki ya kuwa nazo, kwa sababu banda liko mahali pabaya, hapapiti watu, na jibu la hilo yeye bado hana. Akasema anayeona kibaraza ni bora kuliko mtaro asimpigie, hatamchukia, hata akiwa ni mama yake.

Jasho linanitoka kwenye gauni la bluu. Halafu yule bibi wa kilemba akaanza kupiga makofi. Halafu ukumbi wote! Watu wanasimama! Wanampigia makofi mtu anayenihamisha mimi!

Na mimi nikapiga. Mikono ilipiga yenyewe. Mama mmoja nyuma yangu akauliza huyu kazaliwa na nani, nikageuka kabla hajamaliza.

Njiani kurudi nyumbani nikamkumbuka paka wa ghalani. Nikalia.

Jumapili, 17 Agosti

Siku ya kura. Nimevaa kabla ya jogoo. Nimevua. Nimevaa nyingine.

Kwenye kile kijichumba cha kupigia kura nimekaa mpaka karani akagonga, akauliza mama kuna tatizo la kiafya? Nikamwambia lipo, anagombea.

Karatasi mbele yangu. Ngazi. Mwavuli. Nikasema tuyaweke kwenye mizani. Banda silitaki. Sasa hivi silitaki, kesho sitalitaka, siku nikiwa mle ndani bado nitakuwa nalipinga. Mwanangu amekosea, na kumzaa hakunizibi macho. Lakini yeye nikitaka kugombana naye nitamkuta pale pale nilipomwacha jana, na neno lile lile. Unaweza kugombana na mtu kama huyo. Pengine siku moja ukamshinda. Yule mwingine utamshika wapi? Kila ukimshika, shati linabaki mkononi, mtu hayumo.

Nikatia alama. Sitaandika wapi. Kura ni siri.

Ngazi! Nimejipigia kura ya kujihamisha mwenyewe, na nimemwambia kila mtu kwenye foleni.

Jumatatu, 18 Agosti

MWANANGU DIWANI!

Kashinda kwa kura chache, lakini kashinda. Nimepiga vigelegele mpaka sauti imekatika, sasa naongea kama kuku. Bwana Meno kasema kaibiwa. Na nani? Na meno yake! Wifi kaja kunipongeza, kasema naye alimpigia. Wote walimpigia leo, sikukutana hata na mmoja aliyempigia mwavuli.

Mwanangu alifika mchana na viatu vya vumbi. Alinikumbatia muda mrefu. Akasema anajua. Sikumuuliza anajua nini. Akasema banda litafunguliwa wiki ijayo, kila mtu atapata pake kwa bahati nasibu, bila upendeleo, na akaniomba, mama, tafadhali. Hakumaliza sentensi. Nikamwambia namwelewa kabisa.

Alhamisi, 28 Agosti

Nimehama. Diwani mwenyewe alishika upande mmoja wa cherehani, mimi upande wa pili, watu wanatazama. Mchana akarudi ofisini, mimi nikabaki bandani. Bahati nasibu imenipa pembe ya mwisho kabisa, karibu na choo. Wifi kapata mlangoni! Bahati gani hiyo! Tangu asubuhi wamepita watu wawili, wote wakitafuta choo.

Watu wa bandani wamenung'unika, nikawaambia mwanangu alishakiri hadharani kuwa hana jibu. Basi jibu tulitafute wenyewe. Banda lifunguliwe mlango wa pili, upande wa barabara, upande wangu. Hilo linamhitaji mwenyekiti wa banda. Wifi kajitokeza, anataka mlango ubaki mmoja, ulipo. Nikajitokeza na mimi hapo hapo.

Nimetangaza karamu ya kuwasalimia wapiga kura. Sufuria kubwa nimeziazima, mpishi nimempata. Baba watoto akashusha gazeti, akauliza kwani sijajifunza kitu. Nikamwambia nimejifunza sana. Nimeulizia vizuri, uchaguzi wa banda hauna msimamizi. Na hii si rushwa. Rushwa hutolewa kwa siri, mimi nimetangaza kwa kipaza sauti.

Mheshimiwa diwani naye nimemwalika. Nimemwambia tu kuna taa za banda za kukagua. Akifika atakuta watu, na kwenye watu hataweza kukataa kusimama karibu na mama yake.

Sijatulia hata kidogo, lakini safari hii ni kwa raha. Ni Jumamosi hii, saa saba mchana. Wote watakuja, hata Wifi, na sahani yake nitamwekea mwenyewe.